Bastola ya milimita 9: Kwa nini polisi wa Marekani waliirudia risasi ndogo?

Mara nyingi kwenye taarifa ya habari utasikia kwamba polisi wamenasa "bastola ya milimita 9". Namba hiyo ni upana wa risasi, yaani kipenyo chake. Wamarekani hupima pia kwa inchi: risasi wanayoiita .40 ina kipenyo cha milimita 10 hivi, na ile ya .45 imezidi kidogo milimita 11.

Tofauti ya milimita moja au mbili ni ndogo machoni, lakini imezua ubishi wa miaka mingi miongoni mwa polisi wa Marekani na raia wanaolenga shabaha kama mchezo.

Siku ya Miami

Ubishi huo ulipamba moto baada ya tarehe 11 Aprili 1986. Siku hiyo wapelelezi wanane wa FBI walipambana mjini Miami na washukiwa wawili wa wizi wa mabavu. Wapelelezi wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa kabla ya washukiwa wote wawili kuuawa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba mmoja wa washukiwa alipigwa mapema risasi ya milimita 9. Ilipita mkononi, ikaingia kifuani, ikaishia karibu na moyo bila kuufikia. Aliendelea kufyatua. FBI ikailaumu risasi hiyo. Wengine walipinga, wakisema mtu huyo alikuwa na bunduki ndefu huku wapelelezi wengi wakiwa na bastola tu.

Kubwa, kisha ndogo tena

FBI ilichagua risasi kubwa zaidi, ya milimita 10. Tatizo likawa mkono wa askari: bastola iliruka kwa nguvu kila ilipofyatuliwa, na wengi walishindwa kuimudu. Mwaka 1990 ikatolewa ile ya .40, yenye nguvu ya wastani, na idara nyingi za polisi zikaipokea. FBI yenyewe iliichukua mwaka 1997.

Wakati huo huo watengenezaji waliboresha risasi ya milimita 9. Hupimwa kwa kupigwa kwenye jeli nzito inayokaribia ulaini wa nyama, wakati mwingine baada ya kupitishwa kwenye nguo, mbao au kioo cha gari. FBI hutaka izame kati ya sentimita 30 na 46: isiishie njiani, wala isipite mno ikamdhuru mtu aliye nyuma. Risasi mpya za milimita 9 zilifaulu vizuri, na mwaka 2014 wakufunzi wa FBI wakapendekeza kuirudia.

Sababu zao zilikuwa nyepesi kueleweka. Bastola hairuki sana, hivyo askari hulenga vizuri. Hubeba risasi nyingi zaidi: Glock 17 ya milimita 9 hubeba 17, ilhali Glock 22 ya .40 hubeba 15. Na gharama ni ndogo.

Bei ndiyo mazoezi

Risasi kubwa hula risasi-madini na shaba zaidi. Ile ya milimita 9 hutengenezwa kwa wingi katika nchi nyingi, na ndiyo ya kawaida kwa majeshi ya NATO, hivyo bei yake hushuka. Hata Ceska, bastola inayotajwa sana katika habari za Kenya, hutumia hiyo.

Kwa mlenga shabaha, kasha la risasi 50 linaweza kuisha kabla ya saa moja. Ndiyo maana wengi hujizoeza kwa risasi ndogo ya .22, iliyo rahisi kuliko zote. Wengine huokota maganda, wakayajaza upya baruti, kiwashio na kichwa kipya. Mwaka 2020, wakati wa korona, Wamarekani walikimbilia kununua silaha. Risasi zikaadimika na bei ikapanda zaidi ya maradufu.

Kwa polisi hesabu ni ile ile. Bajeti haiongezeki kwa sababu risasi imepanda bei. Kinachopungua ni siku za kulenga shabaha. Na askari asiyejizoeza hukosa, na risasi iliyokosa huenda mahali: ukutani, dukani, au kwa mpita njia.

Kwa hiyo ukisikia tena mjadala kuhusu silaha za polisi, usiishie kuuliza wamepewa bastola gani. Uliza pia kwa mwaka wanapewa risasi ngapi za mazoezi.