Barua pepe za biashara usizoziomba: sheria inasema nini?

Unafungua barua pepe zako Butembo au Beni, unakuta mtu usiyemjua anakuuzia pikipiki, dawa au mizigo ya Dubai. Kesho analeta tena. Je, una haki gani?

Tarehe 13 Machi 2023 Kongo ilipata Kanuni ya Dijitali, Sheria-amri namba 23/010. Inalinda habari za mtu, kama jina, namba ya simu na anwani. Kwa kawaida anayezitumia anapaswa kupata ruhusa yako, na wewe una haki ya kukataa zisitumiwe kwa matangazo.

Lakini mtumaji naye ana haki ya kujitetea. Anaweza kujibu: "Ulinipa anwani yako uliponunua mali, ukakubali kupata habari zetu." Kwa hiyo inafaa kuwa na ushahidi:

1. Kama ni duka unalolijua, liandikie kwamba hutaki tena matangazo. Weka nakala yenye tarehe.
2. Kama ni mtu wa kudanganya, usimjibu. Jibu lako litamwonyesha kwamba anwani hiyo inatumika.
3. Usifute barua. Ndani yake mna mistari isiyoonekana kwa kawaida, inayoonyesha njia iliyopitia. Karatasi iliyochapwa haitoshi.
4. Kama umepoteza pesa, huo ni utapeli. Peleka mashitaka kwa OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, pamoja na hati za malipo.

Wafanyabiashara wetu wananunua pia nchi za nje. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2015, inamtaka mtumaji awe na kibali chako, ajitambulishe, na akupe njia ya kukataa. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2003, inampa siku 10 za kazi kuacha baada ya wewe kukataa.

Jambo la mwisho linahusu amani yetu. Jina lililo juu ya barua halithibitishi nani aliyeituma, kwa maana ni rahisi kuandika jina la mtu mwingine. Pengine jirani yako ameibiwa jina lake, kama wewe ulivyoibiwa pesa. Kabla ya kumwita mwizi sokoni, nenda kwake, mwonyeshe barua, mwulize. Kama hakuituma, pelekeni mashitaka pamoja.