Mwanga Unaoimarisha Meno

Ni mzazi gani asiyeujua usiku wa mtoto mwenye jino bovu? Nyumba nzima hukesha, na kunapokucha safari huwa moja tu: kwenda kung'oa. Je, jino laweza kukingwa kabla halijatoboka?

Kwanza tufahamu jinsi jino linavyooza. Vijidudu vya kinywani hula sukari iliyonasa menoni, kisha hutoa tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha polepole madini ya enameli, yaani lile gamba gumu linalolifunika jino.

Mwaka 1964, miaka minne tu baada ya leza ya kwanza kuundwa, Ralph Stern na Reidar Sognnaes wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Marekani, walichunguza athari za mwanga huo kwenye meno. Baadaye Stern na wenzake waligundua kwamba enameli iliyomulikwa kwa leza iliyeyuka kwa shida zaidi ilipotiwa tindikali.

Siri imo katika joto. Fuwele za enameli zina kaboneti, nayo ndiyo inayozifanya ziwe dhaifu mbele ya tindikali. Joto la leza huifukuza, fuwele zikabaki imara. Lakini joto hilohilo likipenya hadi kwenye kiini chenye mishipa, laweza kuliua jino. Ndiyo maana watafiti waliofuata walipendelea leza za hewa ya ukaa, ambazo mwanga wake hufyonzwa na gamba la juu, tena kwa mapigo mafupi mno.

Basi, tukae tukiingoja mashine hiyo? La, hasha! Mashine ni ghali, na majaribio mengi yamefanyiwa maabarani. Kinga iliyothibitika imo mikononi mwetu: kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, na kupunguza vitu vitamu. Mtoto asilale na chupa ya chai ya sukari mdomoni.

Tena, mzazi, mfunue mwanao mdomo umtazame. Ukiona doa jeupe kama chaki karibu na ufizi, usingoje maumivu. Mpeleke kwa daktari wa meno, kwani hapo jino bado laweza kuokolewa bila kutobolewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa jino ukishabomoka, mwili haujui kuujenga tena.