Sura ya Tano: Soja wa Zamu ya Alasiri

Pale Khayega, barabara ya Shinyalu inapochomoka kutoka barabara kuu ya Kisumu na Kakamega, mvua haihitaji mtabiri. Asubuhi jua huwaka, ardhi hupata moto, upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Victoria ukasukumwa hadi kwenye miinuko ya Nandi, na ikifika alasiri wingu limeshaiva. Kaunti ya Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika baada ya chakula cha mchana, kwa radi na kishindo. Wenye vibanda sokoni hutandaza turubai mapema. Waendesha bodaboda husogea chini ya veranda. Na katika nyumba za nyuma ya soko, mtu mwenye laptopu huchomoa waya wa chaja ukutani kabla umeme wa radi haujamchomolea yeye.

Saa kumi alasiri ya Khayega ni saa tisa ya Geneva wakati wa kiangazi chao, na ni saa tatu asubuhi ya New York. Ndiyo saa ambayo mashirika ya kimataifa hupenda kukutana, kwa sababu Wamarekani wameshaamka na Waafrika hawajatoka kazini. Kwa hiyo mkutano na mvua hufika pamoja, juu ya paa moja la mabati.

Tumchukue afisa wa mradi mmoja. Ni wa kubuni, lakini wasomaji wengi watadhani wanamjua. Yuko kwenye Zoom na wenzake 24. Dakika kumi za mwanzo amekaa wima, daftari mkononi. Dakika ya ishirini anajibu ujumbe wa chama kwenye WhatsApp. Dakika ya thelathini na tano anafungua barua pepe, “moja tu”. Dakika ya arobaini na nane anasikia jina lake, kisha kimya kirefu, na hajui ameulizwa nini. Anawasha maiki na kusema maneno yanayojulikana kutoka Busia hadi Lamu: “Samahani, mtandao ulikatika kidogo. Unaweza kurudia swali?” Mtandao wa Kenya una makosa yake, lakini umesingiziwa mengi.

Hapo ndipo penye fundo la sura hii. Mtu anayepotea mkutanoni hujilaumu kwa uvivu, na mkubwa wake humlaumu kwa utovu wa nidhamu, ilhali kazi aliyopewa, ikiangaliwa vizuri, si kazi ya kushiriki mkutano. Amepewa kazi ya soja: kukaa macho kwa saa nzima akisubiri jambo ambalo pengine halitatokea.

Kazi hiyo imechunguzwa kwa miaka mingi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza liligundua kwamba watu waliotazama skrini za rada wakitafuta nyambizi za adui walianza kupitwa na alama muhimu kadiri zamu ilivyosonga. Mwanasaikolojia Norman Mackworth, wa Cambridge, akatengeneza saa ya ajabu. Mkono wake ulisogea hatua moja moja. Mara chache sana uliruka hatua mbili kwa mpigo. Anayetazama alitakiwa kubonyeza kitufe kila uliporuka, basi. Zamu ilikuwa saa mbili. Matokeo aliyochapisha mwaka 1948 bado yanasomwa vyuoni: uwezo wa kugundua mruko ulishuka ndani ya nusu saa ya kwanza tu, ingawa watazamaji walikuwa vijana wenye afya waliojua fika kwamba wanapimwa.

Nusu saa. Afisa wetu hakufanya vibaya kuliko wao.

Jina lake katika mkutano wa watu 25 ni ule mruko wa hatua mbili. Kinachoongeza ugumu ni kwamba soja wa rada hakuwa na kitu kingine cha kufanya, ilhali huyu ana kompyuta nzima mbele yake. Watafiti wa Microsoft waliochunguza mienendo ya wafanyakazi wa kampuni hiyo huko Marekani kati ya Februari na Mei 2020 waliona kwamba takriban mikutano 3 katika kila 10 ilikuwa na mtu aliyekuwa akishughulikia barua pepe wakati huohuo. Jambo hilo lilizidi katika mikutano mikubwa, mirefu na ile inayojirudia kwa ratiba. Kwa maneno mengine, watu hutoroka pale wasipohitajika. Kiongozi anayealika watu 25 kuamua jambo la watu 4 amejiajiria masoja 21.

Itasemwa kwamba shida ni intaneti, na kwamba siku mawimbi yatakapoimarika watu watatulia. Kakamega ilipata bahati ya kulijaribu wazo hilo kutoka angani. Baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, wafanyakazi wengi wa Nairobi walirudi ushago na kompyuta zao, na safari za kuingia na kutoka jijini zikafungwa tarehe 6 Aprili. Mwezi Julai mwaka huohuo, kampuni ya Loon iliyokuwa chini ya Alphabet, mzazi wa Google, ilianza pamoja na Telkom Kenya kurusha intaneti kutoka kwenye maputo yaliyoelea kilomita 20 hivi juu ya ardhi. Yalikuwa kama 35, yakihudumia eneo la kilomita za mraba karibu 50,000, na Kakamega ilitajwa kwa jina katika orodha ya sehemu zilizofikiwa. Kampuni ilijivunia kwamba simu za video zilipita vizuri. Januari 2021 Alphabet ikatangaza kuifunga Loon kwa sababu biashara haikulipa, na maputo yakaondoka. Lakini hata yangebaki, puto lingeondoa mikwaruzo ya sauti tu. Geneva, ambako nyaya za intaneti hazina dosari, watu nao husoma barua pepe mkutanoni.

Hata hivyo sauti mbovu si jambo dogo, na hapa mabati yanastahili heshima yao.

Mwaka 1970 Richard Warren, mtafiti wa Marekani, alirekodi sentensi, akakata sauti moja katikati ya neno na kuweka kikohozi mahali pake. Aliwasikilizisha watu 20. Kati yao 19 walisema hakuna sauti iliyokosekana. Bongo lilikuwa limeishona nguo iliyotoboka, na hata mahali pa kiraka wasikilizaji hawakuweza kupaonyesha sawasawa. Ndivyo mtu wa Khayega anavyoweza kufuata taarifa ya bajeti huku mvua ikipiga paa kama mawe. “Ro... mbili ya mwa...” inaingia sikioni, “robo ya pili ya mwaka” ndiyo inayofika akilini.

Kushona huko kuna gharama. Patrick Rabbitt, mwanasaikolojia Mwingereza, aliionyesha mwaka 1968 kwa njia ambayo bado inashangaza. Aliwasomea watu orodha za tarakimu. Nusu ya kwanza ya orodha ilisikika vizuri kabisa. Nusu ya pili wakati mwingine ilizungukwa na kelele. Kelele ilipokuwapo, watu walisahau zaidi ile nusu ya kwanza, ambayo kelele haikuigusa. Nguvu ambayo ingehifadhi kilichokwisha kusikika ilikuwa imechukuliwa na kazi ya kutambua kinachosikika sasa. Kwa hiyo mtu anaweza kulisikia kila neno mvuani na kutoka mkutanoni mikono mitupu, akijiuliza kama kweli alikuwapo. Mwenzake wa ofisi yenye dari ya saruji huko Westlands alisikia maneno yaleyale na kuyakumbuka, na katika tathmini ya kazi ataandikwa kuwa ndiye makini zaidi.

Kuna dawa ya bei nafuu isiyopewa sifa: visikizio vya masikioni vyenye maiki iliyo karibu na mdomo. Dari ya mbao au ubao laini chini ya mabati hupunguza kishindo pia, ila hiyo ni habari ya fundi na mfuko wa mtu.

Kelele ikikoma, nyuso zinabaki. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 makala iliyofafanua uchovu wa mikutano ya video kwa hoja nne: macho mengi yanayokukodolea kwa karibu isivyo kawaida, kujitazama mwenyewe muda wote, kukaa pahali pamoja bila kujinyoosha, na kazi ya ziada ya kutuma na kusoma ishara ambazo ana kwa ana hupita zenyewe. Zilikuwa hoja, si vipimo. Kipimo kilifuata mwaka huohuo: Kristen Shockley na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 103 kwa wiki nne, wakiwapangia lini wawashe kamera na lini wazime. Kilichowachosha hasa kilikuwa kamera, si idadi ya saa mkutanoni, na kadiri walivyochoka ndivyo walivyopungua kuchangia. Wanawake na wafanyakazi wapya waliumia zaidi. Mkubwa anayeamuru “kamera zote ziwe wazi ili tuwe makini” huenda anavuna kinyume cha alichopanda.

Hoja ya kujitazama mtu haihitaji maabara. Nani amewahi kwenda barazani kwa chifu akiwa amebeba kioo?

Baraza lenyewe ni kipimo kizuri. Chini ya mti, hotuba ya saa nzima husikilizwa na watu waliosimama, na wengi huweza kusimulia kilichosemwa. Si kwamba chifu ni mtamu wa maneno kuliko meneja. Wengi si watamu hata kidogo. Ila msikilizaji wa baraza ana kazi. Anaguna, anaitikia “eeh”, anamnong’oneza jirani, anacheka, anatikisa kichwa, na msemaji akiona vichwa vimekataa hubadili njia. Hata hadithi ya bibi haianzi kabla watoto hawajaitika. Kitufe cha kuzima maiki kilikuja kuondoa kelele za majogoo na pikipiki, kikaondoa na mwitikio wote. Msemaji huongea kisimani. Wasikilizaji, baada ya kunyang’anywa kazi yao ndogo ya kuguna, hujitafutia nyingine.

Isitoshe, mwitikio una saa yake. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Tanya Stivers lililinganisha maongezi katika lugha 10 kutoka mabara mbalimbali na kukuta kwamba pengo kati ya swali na jibu ni fupi mno, kwa wastani karibu moja ya tano ya sekunde. Katika mtandao unaochelewa, pengo hilo hutanuka. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba simu ikicheleweshwa kwa sekunde moja na kitu, watu humwona mwenzao kuwa hana uchangamfu na hayuko makini, kumbe ni waya tu. Watu hugongana maneno, wanaombana radhi, “endelea”, “hapana, wewe endelea”, halafu wote wananyamaza.

Waisukha wa Khayega na jirani zao Waidakho wanalijua jambo hili kwa ngoma. Isukuti, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa kwa ngoma za ukubwa tofauti zinazojibizana: kubwa, ya kati na ndogo. Ndiyo inayosindikiza mafahali kwenda uwanjani kupigana, na ndiyo inayosikika kwenye matanga na harusi. Mpigaji mmoja akichelewa kidogo tu, mdundo huanguka na wachezaji husimama. Kupiga isukuti kupitia Zoom hakuwezekani. Ngoma zingefukuzana bila kukutana. Mazungumzo ya watu nayo yamefanana na ngoma hizo kuliko wahandisi wa programu walivyodhani.

Basi ni nini kinachosaidia? Kupunguza walioalikwa, kwanza. Kufunga ile picha ya uso wako mwenyewe, jambo ambalo programu nyingi huruhusu kwa kubonyeza mara moja. Kubadilisha baadhi ya mikutano kuwa simu ya kawaida ambayo mtu huisikiliza akitembea. Kuita watu kwa majina kabla ya swali badala ya baada yake: “Hili ni la Kakamega, naomba mjiandae” hugeuza soja kuwa mshiriki kwa sentensi moja.

Na kalamu. Mwanasaikolojia Jackie Andrade, wa Plymouth, aliwapa watu 40 rekodi ya simu inayochosha makusudi, kuhusu nani atakuja kwenye sherehe. Nusu yao waliambiwa wajaze rangi kwenye vichoro vidogo wakati wakisikiliza. Walipoulizwa ghafla baadaye, waliochora walikumbuka asilimia 29 zaidi ya wenzao. Maelezo yake ni kwamba kazi ndogo ya mikono huzuia akili isitoroke kwenda mbali, mradi isiwe kazi ya maneno. Barua pepe ni maneno, nayo hugombania mlango uleule na sauti ya msemaji. Kichoro hakigombanii.

Mwenye kutaka ushahidi wa karibu zaidi na aangalie chama chochote cha akina mama kilichohamia WhatsApp na Zoom tangu mwaka 2020. Mwenyekiti husinzia, mweka hazina hupika ugali. Katibu, mwenye daftari la kumbukumbu magotini, humkatiza kila msemaji: “Dada, umesema elfu mbili au tatu? Rudia niandike, mvua imezidi huku.”