Ruhusa, Fedha na Swali: Safari ya Uzamili kwa Mtumishi wa Afya wa Kilwa na Lindi

Daktari wa Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, anayetaka kusomea ubingwa hukutana na milango mitatu inayosubiriana. Chuo humtaka aoneshe atakayelipa ada. Mfadhili humtaka alete barua ya udahili. Halmashauri, ambayo ndiyo mwajiri wake, hupenda kuviona vyote viwili kabla ya kumpa ruhusa ya masomo, na ruhusa hiyohiyo ndiyo wanayoingoja chuo na mfadhili. Mtumishi aliyeko Dar es Salaam huweza kuzungukia ofisi hizo jioni baada ya zamu. Wa Kilwa hutoka hadi Nangurukuru kungoja basi, na akimkosa mhusika ofisini, siku alizoombewa zamu zimekwisha bure.

Jambo hili laweza kuonekana kuwa la wasomi na vyeti vyao. Mgonjwa, hata hivyo, ndiye anayelipa gharama yake. Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1 katika Sensa ya 2022, na wanaoishi visiwani kama Songo Songo huanza safari ya rufaa kwa chombo cha baharini kabla ya kuiona barabara. Mama mwenye uchungu pingamizi anapofikishwa hospitali, uhai wake hutegemea kama yupo mtu wa kumpasua na mtu wa kumpa dawa ya usingizi. Akikosekana mmoja, hupelekwa Sokoine mjini Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mtwara. Daktari akienda masomoni, wodi humkosa kwa miaka mitatu, ambayo ndiyo muda wa kawaida wa shahada ya uzamili ya tiba. Asipokwenda, wilaya haitapata bingwa wake kamwe. Mganga Mkuu wa Wilaya anayesita kutia saini hapaswi kulaumiwa haraka. Anahesabu zamu za usiku.

Kwa sababu hiyo, njia za masomo zisizoacha wodi tupu zinastahili kutazamwa kwanza, ingawa husemwa kwa nadra. Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kama COSECSA, kilianzishwa 1999 na makao yake yako Arusha. Hakina madarasa yake. Mwanafunzi hubaki mtumishi wa hospitali iliyoidhinishwa, akifundishwa na wapasuaji waliopo hapo, akiandika katika daftari kila upasuaji alioufanya, kisha hufanya mitihani ya chuo. Kwa upasuaji wa jumla, hatua ya uanachama ni miaka miwili, na ya juu yake ni mitatu. Kikwazo ni neno hilo "iliyoidhinishwa": wa hospitali ya wilaya huenda akalazimika kuomba uhamisho kwanza. Lakini uhamisho ndani ya utumishi ni jambo jepesi kuliko kutafuta ada ya miaka mitatu, na mshahara wake haukatiki.

Njia nyingine ya aina hiyo ni ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masomo ya mbali. Tume yake iliyoko Uingereza hulipia shahada za uzamili katika vyuo vya huko, zikiwamo za afya ya jamii, na mwanafunzi husoma akiwa kituoni kwake. Muuguzi mwenye shahada ya kwanza anayefanya kazi Kilwa Masoko anaweza kumhudumia mgonjwa mchana na kuandika kazi ya epidemiolojia usiku, umeme na intaneti vikiruhusu.

Kwa wanaolazimika kuondoka, Wizara ya Afya hufadhili wanaosomea ubingwa na ubingwa bobezi, na mpango huo katika miaka ya karibuni umebeba jina la Rais Samia. Ufadhili wa namna hii huja na mkataba wa kurudi kazini. Ni vyema usomwe wote kabla ya kutiwa saini. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, ina mfuko wa MTUSATE ambao umesaidia utafiti na masomo ya uzamili na uzamivu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo sheria yake ni ya 2004, huelekeza sehemu kubwa ya fedha zake kwa shahada ya kwanza; anayeitegemea peke yake kwa uzamili anajiweka pagumu.

Fedha nyingi za uzamivu, kwa upande mwingine, hazitangazwi kama ufadhili wa masomo hata kidogo. Huwamo ndani ya miradi ya utafiti. Kusini mwa Tanzania pana mfano mzuri wa jambo hilo. Kuanzia 2004, Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake waliendesha utafiti mkubwa wa kinga ya malaria kwa watoto wachanga katika wilaya tano: Lindi Vijijini, Ruangwa, Nachingwea, Newala na Tandahimba. Ndani ya kazi hiyo, mtafiti wa Ifakara, Mwifadhi Mrisho, aliuliza swali lake mwenyewe: kwa nini akina mama wengi hujifungulia nyumbani, na mtoto hutunzwaje saa za kwanza?

Makala yake ya 2007 ilionesha kuwa umbali na nauli vilikuwa sababu, lakini hata uchungu wa ghafla, kukosa faragha, lugha ya watumishi na nani mwenye kauli ndani ya nyumba. Ya 2008 ilieleza namna mtoto mchanga anavyotunzwa nyumbani. Kazi hizo zilimfikisha kwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Basel, ambacho mji wake umeshirikiana na Ifakara tangu miaka ya 1950. Mradi uliofuata, wa wahudumu wa kujitolea waliowatembelea wajawazito majumbani katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, ulisimama juu ya maarifa ya aina hiyo. Matokeo yake yalichapishwa 2015: mienendo kadhaa ya matunzo ilibadilika, ila vifo vya watoto wachanga havikupungua kama ilivyotarajiwa. Swali hilo bado liko mezani, na mtu wa pwani ana haki ya kulichukua.

Haikuwa hivyo zamani. Ugonjwa wa chikungunya ulipozuka 1952 katika uwanda wa Wamakonde, jimbo la kusini lilitoa wagonjwa, damu na hata jina, linalotokana na neno la Kimakonde la kujikunja. Virusi vilitambuliwa Entebbe, na walioandika habari zake walikuwa Waingereza.

Swali la namna ya Mrisho halihitaji kusubiri mradi mkubwa. Vitabu vya MTUHA vilivyopo kila zahanati ni hazina ambayo wengi huijaza kwa kuchoka na kuisahau. Mwambao huu una mabusha na matende kwa miaka mingi. Daktari anayeweza kueleza wangapi waliopasuliwa busha hospitalini kwake katika miaka mitano, wangapi walirudi na usaha, na wametoka vijiji gani, ana kurasa mbili za kumpelekea msimamizi wa chuo. Barua isemayo "naomba unisimamie" hujibiwa kwa nadra. Yenye jedwali na swali husomwa. Kabla ya kutumia takwimu hizo kwa utafiti, aombe kibali cha maadili. Wagonjwa walioandikwa humo hawakuja hospitali ili wawe namba za tasnifu.

Kuhusu milango mitatu, upo mmoja unaofunguka kabla ya mingine. Halmashauri hutengeneza mpango wa mafunzo ya watumishi pamoja na bajeti, na mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Anayeomba ruhusa Julai, akiwa na barua ya udahili mkononi, huambiwa kwa haki kwamba jina lake halimo. Makadirio huandaliwa miezi kadhaa nyuma, kuelekea mwisho wa mwaka. Mtumishi aliyethibitishwa kazini na anayetaka kuanza masomo mwakani huandika barua yake kwa Mkurugenzi kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya mwezi Novemba, akitaja fani, muda, na jina la mwenzake atakayeshika zamu zake. Nakala hubaki naye, ikiwa na muhuri wa kupokelewa.