Je, mwanafunzi yuko tayari kusomea biashara chuoni?

KILA mwaka, matokeo ya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne (KCSE) yatangazwapo mwezi Januari, maelfu ya vijana huanza kipindi cha kusubiri ambacho huendelea hadi Agosti au Septemba, vyuo vikuu vinapofungua milango kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kwa wale wanaonuia kusomea Shahada ya Biashara, miezi hiyo hutawaliwa na swali moja: je, elimu waliyoipata shuleni inatosha?

Jijini Nairobi, swali hili lina uzito wa pekee. Kitivo cha Biashara na Sayansi za Usimamizi cha Chuo Kikuu cha Nairobi kipo katika bewa la Lower Kabete, magharibi mwa jiji, ng'ambo ya Westlands. Katika ukumbi mmoja wa mihadhara huketi kijana aliyelelewa Lavington akiwa na kompyuta chumbani mwake, na mwenzake wa Kawangware aliyesoma shule ya kutwa, japo mitaa hiyo miwili imepakana.

Hofu ya kwanza inayotajwa na wengi ni kwamba hawakusoma somo la Biashara katika shule ya upili. Hofu hii haina msingi mkubwa. Somo hilo ni la hiari katika KCSE, na kwa sababu hiyo uhasibu wa mwaka wa kwanza huanzia mwanzo kabisa: mali ni nini, deni ni nini, na kwa nini kila shughuli ya fedha huandikwa mara mbili vitabuni.

Kanuni hiyo ya kuandika mara mbili ilichapishwa na mtawa wa Italia, Luca Pacioli, jijini Venice mwaka wa 1494. Haihitaji hisabati ngumu. Inahitaji makini, unadhifu na subira ya kutafuta kosa la shilingi kumi hadi lipatikane.

Hofu inayostahili kuzingatiwa ni ya hisabati. Vyuo vingi huweka alama ya chini ya somo hilo kwa anayetaka kusomea biashara, hata kama wastani wake umefikia C+, ambayo ndiyo alama ya chini ya kujiunga na shahada. Aidha, hisabati huhesabiwa miongoni mwa masomo manne ambayo shirika la KUCCPS hutumia kukokotoa pointi za wanaowania nafasi katika kozi hiyo.

Ni hisabati ya aina gani inayohitajika? Mfano wa soko la Kangemi unatosha. Mfanyabiashara hulipa Sh6,000 kwa mwezi kama kodi ya kibanda. Hununua viazi kwa Sh40 kilo moja na kuviuza kwa Sh60. Ni lazima auze kilo ngapi kabla ya kuona faida?

Kila kilo humwachia Sh20. Akigawa Sh6,000 kwa 20, anapata kilo 300. Kilo ya 301 ndiyo ya kwanza kumletea faida. Mhadhiri ataiita kodi hiyo gharama isiyobadilika, na bei ya kununulia viazi gharama inayobadilika, lakini hesabu yenyewe haizidi aljebra ya shule ya upili.

Ugumu huja baadaye, pale bei inaposhuka kadiri mauzo yanavyoongezeka, na mwanafunzi akatakiwa kutafuta kiwango kinacholeta faida kubwa zaidi. Hapo ndipo hurejelewa mada za kidato cha tatu na cha nne ambazo wengi walidhani wameziaga: matriki, uwezekano, riba ya nyongeza na kupima kasi ya mabadiliko. Takwimu nazo hufuata.

Kwa hivyo, aliyepata alama ya wastani katika hisabati hapaswi kukata tamaa, ila hapaswi pia kuzitupa daftari zake. Mada anazohitaji zinahesabika, na miezi ya kusubiri yatosha kuzipitia upya.

Pengo la pili huzungumzwa mara chache, nalo ni la kusoma na kuandika. Mwanafunzi wa shule ya upili amezoea majibu mafupi yenye alama zilizogawanywa. Chuoni hupewa maelezo ya kampuni yenye kurasa kadhaa na kutakiwa atoe uamuzi, autetee kwa hoja na kuuandika kwa Kiingereza sanifu. Kuna waliofaulu vyema katika hesabu wakayumba hapa.

Pengo la tatu ni la kompyuta. Kazi nyingi za uhasibu na takwimu hufanywa kwa programu za majedwali kama Excel. Ambaye hajawahi kuitumia anajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, wanafunzi wanafaa kujua kwamba wasiwasi huu una historia, na kwamba mfumo wenyewe uliutambua zamani. Chini ya utaratibu wa awali wa 7-4-2-3, mwanafunzi alipitia kidato cha tano na cha sita, miaka miwili ya kujiandaa, kisha akasoma shahada kwa miaka mitatu.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, uliondoa vidato hivyo viwili na kuongeza mwaka mmoja chuoni. Wahitimu wa kwanza wa mfumo huo walifanya KCSE mwaka wa 1989. Kwa maneno mengine, sehemu ya matayarisho yaliyokuwa yakifanyika shuleni ilihamia katika mwaka wa kwanza wa chuo. Anayejiona hayuko tayari kikamilifu siku ya kuripoti hajapotea njia. Mwaka wa kwanza ulinuiwa pia kumfikisha hapo.

Matayarisho hayahitaji fedha nyingi. Katikati ya jiji, Maktaba ya McMillan katika barabara ya Banda, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ingali mahali pa kusomea, na wauzaji wa vitabu vya mitumba huwa na vitabu vya utangulizi wa uhasibu na uchumi. Toleo la zamani kidogo halina ubaya kwa anayeanza, kwani kanuni za msingi hazijabadilika.

Wengine hutumia kipindi hicho kuanza mitihani ya uhasibu ya CPA inayosimamiwa na Kasneb, bodi iliyoundwa mwaka wa 1969. Hatua hiyo ina manufaa, ila mzazi apime gharama. Karo ya chuo cha jioni, ada za mitihani na nauli za kila siku zinaweza kumaliza akiba iliyotengewa muhula wa kwanza.

Kwa familia zilizo na watoto katika mtaala wa umilisi, suala hili linakuja mapema zaidi. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026 na linatarajiwa kukamilisha Gredi ya 12 mwaka wa 2028. Mpango wa awali ungewaruhusu baadhi ya wanafunzi kuacha hisabati kabisa.

Baada ya malalamiko, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza Aprili 2025 kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa wote, lakini kwa viwango viwili: ile kamili kwa wanaofuata mkondo wa sayansi na teknolojia, na iliyorahisishwa kwa mikondo mingine.

Somo la Biashara limo katika mkondo wa sayansi za jamii. Ina maana kwamba mtoto anaweza kuchagua mkondo akidhani unamwelekeza moja kwa moja kwenye shahada ya biashara, kumbe anasoma hisabati nyepesi kuliko ile atakayokutana nayo chuoni. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo anapaswa kuuliza shuleni sasa, si mwaka wa 2028, ni hisabati ipi anayofundishwa.

Kwa aliyekwisha kufanya KCSE, swali hilo limepita. Limebaki la jioni hii: kufungua daftari la kidato cha tatu, kuchagua mada moja, na kuikokotoa hadi jibu litoke sawa bila kuchungulia nyuma ya kitabu.