Okidi Dirishani, Mbu Kisahanini
Juzi, nyumbani kwa mgonjwa wangu mjini Busia, nilionyeshwa okidi iliyokuwa ikinyauka ingawa humwagiliwa kila siku. Kosa ni hapo hapo. Okidi nyingi za nyumbani kwa asili huota juu ya miti. Mizizi yake hutaka hewa, na ikikaa majini huoza. Mara moja kwa wiki yatosha, maji yachuruzike yote.

Mimi kilichonishtua ni kisahani chini ya chungu: viluwiluwi vya mbu! Mbu aina ya Aedes, aumaye mchana na kueneza homa ya dengi, hupenda kutaga humo. Wale wa malaria hupendelea madimbwi ya nje, kwa hiyo chandarua usikiache, msomaji. Na kumwaga maji tu hakutoshi. Mayai ya Aedes hushikamana ukingoni na kustahimili ukavu kwa miezi. Kisugue kisahani kila wiki.