Mnara Mmoja, Mifuko Mingi

Ukipita karibu na mnara wa simu jijini Dar es Salaam, simama kidogo uutazame. Juu zimefungwa antena. Chini, ndani ya uzio, kuna makabati ya mitambo, betri na jenereta. Mwenye laini huamini kuwa vyote hivyo ni mali ya kampuni anayonunua kwake bando. Mara nyingi sivyo.

Minara mingi nchini ni ya Helios Towers, kampuni iliyoingia Soko la Hisa la London mwaka 2019. Kazi yake ni kupangisha: kampuni mbili zinazogombea wateja huning'iniza antena kwenye chuma kimoja, zote zikalipa kodi. Antena zenyewe huenda ni za Ericsson, Nokia au Huawei, ambayo hisa zake haziuzwi sokoni. Qualcomm ya Marekani haina hata msumari pale, lakini huvuna ada ya hataza kwenye simu nyingi za 5G zinazouzwa duniani.

Kwa hiyo anayesema anataka kuwekeza kwenye 5G hajasema lolote bado. Mfuko upi?

Kasi ya intaneti ikipanda, si lazima hisa nayo ipande. Clearwire ya Marekani iliingia sokoni Machi 2007 kwa dola 25 kwa hisa. Ilikuwa ikijenga mtandao wa WiMAX, teknolojia ya intaneti isiyo na waya, na Intel ilikuwa imeshamwaga humo dola milioni 600. Waliona mbali: watu wangetaka intaneti ya kasi isiyo na waya, na kweli waliitaka. Ila kampuni za simu zikaelekea LTE, ndiyo hii 4G yetu. Mwaka 2013 kampuni ya simu ya Sprint ikanunua hisa za wanahisa waliobaki kwa dola 5 kila moja. Aliyenunua kwa bei ya kwanza na kuvumilia hadi mwisho, katika kila dola 100 aliondoka na 20.

Karibu na nyumbani kuna Safaricom. Mwaka 2008 Wakenya walipanga foleni kununua hisa zake kwa shilingi 5 za Kenya. Maombi yakazidi hisa zilizokuwepo, wengi wakapata sehemu tu ya walichoomba. Haukupita mwaka, bei ikawa chini ya shilingi 3. Waliong'ang'ania waliiona ikivuka 40 mwaka 2021. Oktoba 2022 kampuni ikazindua huduma ya 5G kwa wateja, na mwaka uliofuata hisa ikashuka chini ya 15. Wawekezaji wa nje walikuwa wakiuza, na uwekezaji wake nchini Ethiopia ukimeza fedha. Tena kilichoibeba hisa hiyo kwa sehemu kubwa ni M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu inayofanya kazi hata kwenye kitochi kisicho na intaneti.

Kwa Mtanzania, mlango wa karibu ni Vodacom Tanzania, iliyouza hisa zake kwa shilingi 850 za Tanzania mwaka 2017 na kuingia Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Kabla ya kumpigia dalali, fungua taarifa yake ya hesabu. Tazama mapato ya data, kisha gharama za masafa na mitambo, kisha deni, kisha gawio. Kila kizazi cha mtandao hudai mitambo mipya, pengine kabla ile ya zamani haijarudisha fedha zake. Hesabu hiyo haiandikwi kwenye tangazo la bando.